Chuo Alichonichagulia Mwalimu wa Zamu

Shuleni kwetu Ngara kulikuwa na walimu wa zamu, waliopokezana kila wiki kama ilivyo shule zote, na kulikuwa na Mwalimu wa Zamu. Wale walikuwa wengi na kazi hiyo hawakuipenda. Huyu alikuwa mmoja, na zamu yake haikuwahi kuisha. Mwenzake akiamka na mafua, yeye anamshikia. Mwenzake akifiwa, yeye. Mwenzake akiwa na kiu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na aibu ya kusema, yeye tena, wala haulizi. Mwishowe Mkuu wa Shule aliacha kuandika majina ya zamu ubaoni, na sisi tukasahau kwamba mtu huyu ana jina alilopewa na wazazi wake. Mama yangu, ambaye kwake l na r ni mtu na ndugu yake, alimwita Mwarimu wa Zamu hata mbele yake, naye akaitika bila kinyongo.

Alinifundisha jiografia tangu kidato cha kwanza. Kisha nikaja kumfahamu upya baada ya kumaliza kidato cha sita, katika miaka ya wakimbizi, wakati wa ile habari ya chuo. Watu wa kwetu wanapenda sana kuisimulia habari hiyo, na kila mmoja anaitia chumvi yake. Mimi nitajitahidi nisitie, ila ni lazima kwanza mumjue mwenyewe.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mparachichi, ikigongwa kwa bolti nene. Bolti hiyo Mwalimu wa Zamu hakuiacha pale. Aliibeba mfukoni mwa koti lake la sufu, koti alilolivaa hata kiangazi, na upande mmoja wa koti ulikuwa umevutwa chini kiasi kwamba akitembea unadhani anakata kona. Jumapili alikuja nayo kanisani. Akipiga magoti iligonga benchi, na waliokuwa wanasinzia walisimama haraka wakidhani ni wakati wa kusimama.

Alikuwa pia na baiskeli. Mji wa Ngara uko juu ya kilima, kwa hiyo mwenye baiskeli huisukuma akipanda na kujistarehesha akishuka. Yeye aliisukuma akipanda, na akishuka aliisukuma vilevile. Tulimuuliza kwa nini haiendeshi, akasema haiamini. Tukamuuliza sasa ya nini. Akasema ni ya kubebea madaftari, na madaftari hayaogopi kuanguka.

Lakini lililomfanya ajulikane kata nzima ni ugonjwa wake wa kuwataka watu wachague. Huwezi kumwomba chaki akakupa chaki. Alitoa mbili, nyeupe na ya njano, akazishika kiganjani mwake.

"Chagua. Na sababu?"

Ukisema njano kwa kuwa inaonekana vizuri, unapewa. Ukisema nyeupe kwa kuwa za njano ni chache na mwenzako atazihitaji kuchora mito, unapewa pamoja na tabasamu. Lakini ukisema "Yoyote tu, Mwalimu," hupati kitu. Neno hilo moja ndilo lililoweza kumtoa kwenye utulivu wake.

"Katika boksi hili," alisema akilitikisa, "hakuna chaki inayoitwa yoyote. Tafuta mwenyewe uone."

Waliochelewa walichagua adhabu yao na kuitetea. Kijana mmoja wa darasa letu, mjanja kweli, alichagua kurudi nyumbani akalale, kwa sababu kilichomchelewesha ni usingizi na usingizi hutibiwa kwa kulala. Mwalimu wa Zamu akafikiri, akasema hoja ni nzuri, nenda. Kijana akafika getini, akasimama pale kipindi kizima akitazama barabara, akarudi kuomba afyeke majani. Tulimcheka muhula mzima.

Sasa mtu huyohuyo ungemwona hotelini pale stendi ungeshangaa. Mhudumu anakuja, anauliza chai au uji, naye anajibu, "Lete kilichopo." Mashati yake alinunuliwa na mkewe. Mke mwenyewe alitafutiwa na kaka yake mkubwa, na hilo alitueleza darasani bila haya, akaongeza kwamba kaka alikuwa na jicho zuri. Ngara aliletwa na serikali akiwa kijana, na kila alipotakiwa kutaja shule anazopenda kuhamia aliandika neno moja tu: popote. Mkuu wa Shule ndiye aliyetupa siri hiyo, akicheka mpaka akavua miwani. Basi ofisi za juu zikaona mtu wa popote na hapo alipo panatosha, zikamwacha.

Siku moja nilijitia ujasiri nikamuuliza popote yake ina tofauti gani na yoyote yetu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoka nje, akagonga kengele ya kumaliza kipindi, wakati kipindi kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza kunoga.

Halafu wakaja watu. Habari hizo mlishazisikia kwenye redio za dunia nzima, sitazirudia. Kwetu ilikuwa hivi: jioni watu walikuwa wanapalilia maharage, asubuhi barabara yote ya kutoka mpakani Rusumo ilikuwa vichwa na mizigo. Walilala migombani, walilala kanisani, walilala madarasani juu ya madawati na chini yake. Mimi nilikuwa bado mbali, shule ya kidato cha sita, haya nimeyapata kwa mama, aliyekuwa amewapelekea uji. Walimu wengi hawakutokea asubuhi ile, na Mkuu wa Shule alikuwa wilayani akiuliza afanye nini. Mwalimu wa Zamu akaja akisukuma baiskeli yake, akatazama waliolala, akatoa bolti, akagonga kengele ya kipindi cha kwanza. Watoto wakakaa. Watu wazima nao wakakaa, labda kwa uchovu tu. Akawafundisha longitudo. Mama anasema hakuna aliyeelewa, naye pia hakuelewa, lakini palikuwa na utulivu, na wanawake waliokuwa wanalia walinyamaza mpaka kengele ilipogongwa tena.

Niliporudi nyumbani baada ya mtihani wa kidato cha sita, kambi ilikuwa imeshakuwa mji. Kihangaza chetu na lugha za wageni wale ni ndugu wa karibu, hivyo vijana wengi wa Ngara tulipata kazi ya kutafsiri. Mimi niliangukia kwa mhandisi wa maji, mwanamke wa Kiingereza, mrefu, mwenye kofia ya majani ambayo mbuzi waliila mara mbili. Tulimwita Mhandisi. Kutwa tulikuwa tunapima mabomba na kusuluhisha ugomvi wa ndoo. Alasiri Mwalimu wa Zamu alikuja kufundisha watoto wa kambini chini ya turubai, bila kulipwa, baada ya kumaliza kwetu. Alisema anashika zamu.

Pale kambini kila kitu kilipangwa. Kiwanja chako hiki, foleni yako ile, maharage yako haya, siku yako ya kuni ni ile. Sisemi kwa ubaya. Watu walikuwa wengi mno, na bila kupanga wangekanyagana. Lakini alasiri moja Mwalimu wa Zamu alikuja penye tangi letu, akakaa juu ya bomba, mikono imelegea.

"Leo nimewashikia chaki mbili," akaniambia. "Darasa zima wamenijibu yoyote tu, Mwalimu. Wote. Hata yule binti mbishi aliyekuwa akinibishia mpaka jina la mto."

Nilizoea kumwona amekasirika au amefurahi, sikuwahi kumwona amevunjika moyo, na niliogopa. Mhandisi aliniuliza mzee anasema nini. Nikamwambia amechoka.

Huyo Mhandisi ndiye aliyeileta habari ya chuo. Alikuwa amesoma katika chuo kikuu kimoja cha kale huko kwao, cha wenye majina yao, na siku moja tukiwa tumekwama na gari matopeni akaniuliza kwa nini nami nisiombe nafasi nikasome jiografia. Kulikuwa na msaada wa ada kwa mtu mmoja kutoka nchi zetu. Nilidhani ni utani wa matopeni. Wiki iliyofuata akaniletea kitabu kikubwa cha picha na fomu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba chuo kikuu kile si kimoja. Ni vyuo vingi ndani ya mji mmoja, kila kimoja kina geti lake, jiko lake, kanisa lake na majivuno yake. Mihadhara mnasikiliza pamoja, lakini kulala, kula na kulelewa ni kwenye chuo chako. Fomu ilitaka utaje kimoja. Hicho ndicho kitakachokusaili, na msaada wa ada utapitia hapohapo. Kikikukataa, msaada unakwenda kwa mtu mwingine, na Mhandisi aliniambia wazi kwamba mwaka unaofuata msaada hautakuwepo. Pia ungeweza kuacha nafasi wazi, wakakupangia wenyewe.

Mimi, binti wa migombani, nimchague nani miongoni mwa majumba yale? Yote yalifanana na makanisa. Nikaona dawa ni kuacha wazi.

Jumapili moja tulikaa nyumbani kwetu kulizungumza. Mama alikuwepo, Mkuu wa Shule alikuja na tai, na Mwalimu wa Zamu akaja na bolti. Kitabu cha picha kilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma.

"Hiki," alisema Mkuu wa Shule, akagonga kidole kwenye picha ya chuo kikubwa chenye mnara, kimekaa kando ya mto na nyasi zilizokatwa kama nywele za askari. "Hapa wamesoma wafalme. Chagua hiki, picha yako naitundika ofisini, mahafali yajayo nina hotuba."

"Huko wanakura nini?" mama aliuliza.

"Viazi," nikamjibu. Hilo Mhandisi alikuwa ameshaniambia. Mama akaguna.

"Mimi naona tuache wazi," nikasema. "Wanipangie. Chochote watakachonipa ni sawa."

Mwalimu wa Zamu akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Chochote!" akasema. "Umekaa kambini muda wote huu hujaona? Mtu akizoea kupangiwa, hata kutaka anasahau. Wewe hujakimbia vita, una nyumba, una mama, mtu anakuuliza unataka kukaa kwa nani, unasema chochote?"

Nikatazama chini. Alikuwa hajawahi kunipandishia sauti tangu kidato cha kwanza. Yeye mwenyewe akaona amezidi, akashusha pumzi, akamgeukia mama.

"Dada, binti anakwenda kukaa kwa watu. Nani wa kwetu amekwenda kuwaona?"

"Ego!" mama akasema, yaani naam, hasa. "Hiro ndiro swari."

Kwetu binti haendi kwa watu wasioonwa. Kabla ya maneno ya mahari, kabla ya pombe yoyote kupelekwa, mtu wa kwenu anapita katika nyumba ile siku ya kawaida, bila taarifa, kama mpita njia. Anaomba maji ya kunywa. Haangalii bati wala ng'ombe. Anaangalia ni nani anayeleta maji, kama kikombe kimesuuzwa, kama anaambiwa akae, na kama anayempa anasimama kumsikiliza au anataka aondoke. Akirudi anasema aliyoyaona, na kwa hayo ndoa nyingi zimefungwa na nyingine zimekufa kabla hazijazaliwa. Mama mwenyewe alikataa posa moja ya dada yangu kwa sababu ya kikombe.

Mhandisi alikuwa anakwenda likizo kwao. Basi Mwalimu wa Zamu akamfanya mshenga. Nilimtafsiria maagizo yote nikitamani ardhi ipasuke: asiende Jumapili, asivae vizuri, asiseme ametumwa, aende penye geti, aombe maji. Mwanamke huyo alikuwa amewanywesha maji watu wasiohesabika, na sasa anatumwa akaombe kikombe kimoja. Alicheka mpaka akakaa chini penye vumbi. Kisha akajifuta macho, akasema atakwenda.

Aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu, na sisi tulikuwa tumekaa palepale tulipokaa Jumapili ile. Kwenye chuo cha mnara mlinzi mwenye kofia nyeusi alimwonyesha bango la saa za watalii, na alipong'ang'ania kiu akaelekezwa mkahawa wa ng'ambo. Chuo cha pili walimwambia maji yapo, ya chupa, yanauzwa dirishani. Cha tatu kilikuwa kidogo, pembeni kabisa ya mji, kimejengwa kwa zege juzijuzi, na kwenye picha kilifanana na ofisi za mkoa. Getini alikuwepo mzee. Mzee akampa kiti chake. Akasuuza kikombe chake mwenyewe, akampa maji, akamuuliza anatoka wapi. Mhandisi akasema Ngara. Mzee akataka kujua ni wapi hapo, na wakati Mhandisi anamweleza simu ikalia, akaiacha ilie.

"Aliiacha ilie?" Mwalimu wa Zamu aliuliza.

"Aliiacha."

"Basi," akasema, akaegemea ukuta kama mtu aliyeshushwa mzigo.

Mkuu wa Shule alikuja juu. Huwezi kumpeleka mwanafunzi bora wa wilaya kwenye jengo la zege kwa sababu ya mlinzi mmoja na kikombe! Mlinzi akistaafu kesho je? Na kuna mtu amesikia jina la chuo hiki? Mama alikuwa upande wa kikombe. Mimi, kusema kweli, moyo wangu ulikuwa kwenye mnara. Nilikuwa msichana wa umri ule. Ni nani asiyetaka mnara? Nilimgeukia Mwalimu wa Zamu anisaidie, naye akanisukumia kalamu.

"Mimi kazi yangu nimemaliza," akasema. "Chagua. Na sababu."

Watu husema alinichagulia, lakini kalamu hakuigusa. Nilikaa na ile fomu hadi maharage yakaiva na kuliwa. Nilijiona niko kule nina homa, sijui mtu, mvua inanyesha, nimekuja getini. Nikajiuliza ni geti lipi. Nikaandika jina la chuo cha zege. Mkuu wa Shule akavua tai, akaiweka mfukoni, akasema ametimiza wajibu wake.

Usaili ulifanyika kwa simu ya setilaiti, kwenye ofisi ya Mhandisi kambini. Siku hiyo Mwalimu wa Zamu alishika zamu ya kimya. Alisimama nje akawazimisha madereva wa malori injini, akahamisha mbuzi, akawaambia akina mama wa foleni ya maji kwamba ndani kuna mtihani, nao wakanong'ona. Kabla sijaingia alinipa onyo moja tu.

"Usirukie maneno kama mtu asiye na kwao. Salimia kwanza."

Nilimtii, na nusura nijiponze. Upande wa pili walikuwa maprofesa wawili, mwanamke na mwanamume. Niliwasalimia. Nikauliza familia zao zinaendeleaje. Nikauliza watoto, nikauliza wazee waliobaki nyumbani, nikauliza mvua. Profesa mwanamume akajibu kila swali kwa mshangao, hadi akaniambia mama yake ameteguka nyonga, nikampa pole, nikauliza nani anamhudumia. Mhandisi alikuwa ananionyesha saa kwa kidole, uso umekuwa mwekundu, maana simu ile ilikula muda kama moto wa nyasi. Tulipofika kwenye jiografia ulikuwa umebaki muda kidogo sana. Mwanamke akauliza swali moja la mmomonyoko, nikamjibu kwa vilima vyetu na njia za kuni za kambini. Kisha akauliza kwa nini nimechagua chuo chao na si vile vikubwa.

Hapo nilikuwa nimeandaliwa sifa za maktaba na Mkuu wa Shule, sifa ndefu kweli. Zote zikayeyuka. Nikasema: tulituma mtu kwenu, mzee wenu wa getini akampa maji kwa kikombe chake, na simu ilipolia hakuipokea.

Nikadhani simu imekatika. Kisha nikasikia yule profesa mwanamume anacheka polepole, na mwenzake akasema neno ambalo sikulisikia vizuri, na simu ikakatika kweli.

Tulikaa wiki na wiki tukiamini nimeharibu. Mkuu wa Shule hakusema "niliwaambia", ila alikuwa akipita kwetu mara nyingi kuliko kawaida. Mwalimu wa Zamu alikonda. Alinipita siku moja njiani akisukuma baiskeli, akasimama, akasema, "Kama wamekataa kwa sababu ya salamu, kosa ni langu, si lako," akaendelea na safari kabla sijajibu. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia.

Walinichukua. Mama alilia, akapika, akalia tena. Kengele ya shule siku hiyo iligongwa bila mpango wowote.

Nilikaa kwenye chuo cha zege miaka yangu yote. Kilikuwa kibaya cha sura, sitakitetea, mvua ikinyesha kuta zililowa zikawa nyeusi. Mzee wa getini nilimkuta, akaniambia, "Wewe ndiye wa maji." Nilipougua homa yangu ya kwanza kule ndiye aliyeona sijapita kwenda kula, akatuma mtu chumbani. Marafiki zangu wa vyuo vingine kila mmoja aliapa kwamba chake ndicho bora, nami niliapa vivyo hivyo kwa sauti kubwa. Nilipita chini ya ule mnara karibu kila siku nikienda kwenye mihadhara. Siku za jua nilitazama juu, na siwezi kusema sikuwahi kuona wivu.

Kila nilipokuja likizo nilimtembelea Mwalimu wa Zamu, nikiwa na mengi ya kumweleza. Hakuuliza lolote la chuo. Aliuliza mvua zao zinaanza mwezi gani, upepo wao unatoka upande upi, nikijibu anatikisa kichwa kama anahakikisha. Nikianza kumweleza habari za chuo chenyewe, anakumbuka madaftari ya kusahihisha. Iliniuma. Nilidhani nimekuwa mtu wa mbali kwake, au anaona najivuna.

Kambi zikafungwa, watu wakarudi makwao, majani yakaota penye mabomba yetu. Yeye akastaafu, mkewe akafariki, na binti yake anayefanya kazi hospitali akamchukua kwenda kukaa naye Biharamulo. Hapo ndipo nilipomwona mara ya mwisho. Nilikuwa natoka Mwanza kwenda Ngara kumwona mama, nikateremka Biharamulo nikiwa na muda wa kusubiri basi jingine.

Nilimkuta ameketi barazani, hatua chache kutoka stendi, macho yameingia ukungu, koti ni lilelile. Nikapiga goti nusu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sauti hii niliifundisha longitudo." Akacheka. "Kaa. Binti yangu ataleta chai."

Tukanywa chai. Tukaongea habari za Mkuu wa Shule, ambaye sasa alikuwa diwani na hotuba zake, na habari za mama na magoti yake. Kisha akakitafuta kisahani kwa vidole, akaweka kikombe chini.

"Kile chuo chenye mnara," akasema. "Bado kipo?"

"Kipo, Mwalimu."

"Ukurasa wake ulikuwa baada ya ramani. Kulikuwa na dirisha juu ya mto, upande wa kushoto, lina maua mekundu chini yake. Ngazi yake inaanzia uani, penye nguzo. Ningekuwa mimi," akasema, na sauti yake ikawa ya chinichini kama ya mtu anayetoa aibu yake, "ningechagua kile. Chumba kile cha dirisha. Nimekaa mle miaka yote hii. Usiku nikikosa usingizi napanda ile ngazi, nafungua, nasoma."

Nilibaki nimemkodolea macho. Huyu wa kilichopo, huyu wa popote.

"Lakini Mwalimu, wewe ndiye uliyenitoa kwenye mnara! Wewe ndiye uliyetuma mtu akaombe maji!"

"Wewe ulikuwa unakwenda kweli," akasema. "Mtu anayekwenda kweli atafutiwe watu. Mimi nilikuwa nabaki, ningefanya nini na watu wa huko? Nikajichukulia mnara." Akageuza uso kunielekea, ingawa hakuwa ananiona vizuri. "Nilikuwa naogopa kukuuliza. Nilijua ukianza kunieleza chako, nitakuuliza changu, na utajua. Sasa nimezeeka, aibu imenichoka. Uliwahi kuingia?"

Machozi yalikuwa yananitoka, na nilishukuru kwa ukungu ule wa macho yake. Nilikuwa nimeingia, ndiyo, mara moja, rafiki yangu aliponialika chakula mwaka wa mwisho, na chumba chake kilikuwa upande ule wa mto.

"Niliingia," nikamwambia. "Nilipanda na ile ngazi. Ni ya mbao, mwinuko wake ni mkali, na katikati imelika kwa miguu ya watu."

"Imelika," akarudia, akavuta kiti chake karibu. "Sikuweza kuona hilo kwenye picha. Haya, umefika juu. Mlango unafungukia wapi?"

Binti yake akatokea mlangoni akaniambia basi la Ngara limefika na kondakta anaita abiria. Nikamwambia liende, nitapanda la kesho. Kisha nikamfungulia Mwalimu mlango.